Kiuno 21

Nilikuwa na futi mkononi na chaki mdomoni, kama kawaida yangu wiki ya kufungua shule, foleni ya akina mama imefika mpaka kwa yule wa chapati, na binti akasimama mbele yangu akanyoosha mikono bila kuambiwa. Watoto wa sare wanajua. Ukipitisha futi mgongoni wanacheka, wanasema unawatekenya. Huyu hakucheka. Futi ilipomgusa chini ya bega la kushoto alivuta pumzi ndani, mwili wote ukakaza kama ubao, na kabla sijatoa hata ile chaki mdomoni akasema, "Nilianguka kwa bomba."

Sikuwa nimemuuliza kitu.

Shangazi yake alikuwa nyuma yetu anaongea na simu, anacheka na mtu. Nikaandika vipimo kwa daftari, nikasema haya, Ijumaa mje kuchukua, nikaita anayefuata.

Usiku ndiyo nikafungua daftari ili nikate kitambaa. Mimi kila mtoto namwekea ukurasa wake, tarehe juu, vipimo chini, ili mwaka ukigeuka nijue nani ameongezeka nisimshonee gauni la kubana. Ukurasa wake ulikuwa na Februari na sasa Septemba. Februari: kiuno 23, urefu wa gauni 29. Septemba: kiuno 21, urefu 30.

Amerefuka inchi moja. Amepungua mbili.

Nilikaa na hizo namba mpaka mshumaa ukaisha, maana umeme ulikuwa umekatika, na tangu siku hiyo mpaka leo ninapoandika sijaacha kuzifikiria. Mtaa siutaji. Niko Jinja, hiyo inatosha, na vitu vingine vidogo nimevibadilisha ili mtoto asijulikane.

Mama wa kona

Huyo shangazi nitamwita Mama wa kona kwa sababu anakaa nyumba ya kona. Kama ningekuwa simjui mambo yangekuwa rahisi sana. Namjua. Mama yangu alipolazwa, mimi nikiwa na mtoto mchanga siwezi kulala wodini, Mama wa kona ndiye aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda siku nne, akimgeuza, akimlisha uji, yeye Mkristo wa kwaya na sisi Waislamu, na kila asubuhi alimkumbusha mama saa ya swala. Kwa Idi anakula kwangu, kwa Krismasi nakula kwake. Huyu binti ni wa kaka yake aliyefariki. Hakuna aliyemlazimisha kumchukua, ndugu wengine wote walitazama pembeni.

Sasa mtu kama huyo unamfikiriaje vibaya?

Ijumaa walikuja kujaribisha. Nikamvalisha binti gauni mwenyewe, nikamgeuza nifunge zipu, na pale juu ya mgongo, karibu na bega, nikaona. Mistari miwili myembamba, inaenda sambamba kama reli, katikati ngozi imebaki safi. Mtu akianguka kwa bomba anachubuka, anavimba goti, anakwaruzika kiwiko. Mistari kama ile naijua. Nimewahi kuwa nayo mwenyewe, na wengi mnaosoma hapa mmewahi kuwa nayo, fimbo nyembamba au waya ndivyo inavyoandika.

Nikafunga zipu. Shangazi akasema, "Imemkaa vizuri, Mungu akubariki." Akalipa yote, hakuomba hata kupunguziwa.

Kila sababu niliyoitafuta

Wiki ya kwanza nilifanya kazi moja tu moyoni, kutafuta sababu nyingine. Na sababu zipo! Minyoo inapunguza mtoto. Malaria inapunguza. Mtoto akivuka miaka minane, tisa, anarefuka anakuwa mwembamba, nimeona mara nyingi. Pesa imekuwa ngumu, labda wanakula mlo mmoja, na mlo mmoja siyo kosa la mtu kwa nchi hii. Mistari labda ni ya shuleni. Labda ni ya watoto wenzake. Labda ni shangazi kweli lakini mara moja tu, mtoto alifanya jambo baya, na nani hapa hakupigwa?

Hili la mwisho ndilo lilinishika zaidi. Tumepigwa wote. Kuna utafiti wa serikali ulitoka 2018, waliuliza vijana wa miaka 18 mpaka 24, na watatu katika kila wanne walisema walipitia ukatili wa aina fulani walipokuwa watoto. Watatu kwa wanne! Nikiusoma ule utafiti naona ukoo wangu. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa 2016 ilikataza kiboko shuleni, wazi kabisa, lakini nyumbani kila mtu anachora mstari pale anapotaka. Ukiniuliza kofi moja ni nini na waya ni nini nitakujibu haraka, ila ukiniuliza kilichopo katikati naanza kugugumia, na watoto wengi wanaishi hapohapo katikati.

Jumatatu namwachilia, nasema ni mtu mwema, nimekosea. Jumanne nafungua daftari naona 21, namhukumu. Jumatano anapita anasema "Habari za kazi, dada," na kikapu cha nyanya kichwani, namwachilia tena. Nikawa hakimu wa usiku, peke yangu na cherehani, kesi haifungwi.

Baiskeli

Wengine watasema ulingoja nini, ungeripoti siku hiyohiyo. Mtu anayesema hivyo labda hajaona upande wa pili. Mimi nimeuona.

Nilikulia Walukuba, hapahapa Jinja, zile nyumba za mistari, makabila yote yamechanganyika, ndiyo maana Kiswahili kilitutosha. Kulikuwa na kijana analeta mukene, wale dagaa, kutoka Masese kwa baiskeli, ndoo mbili nyuma. Alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja mwenye mtoto mdogo. Siku moja mtoto akaonekana na ngozi imebabuka pajani, kubaya, na mtu mmoja akasema "ni yule wa samaki." Mmoja tu! Hakuna aliyeuliza. Mpaka jioni watu walikuwa wamejaa uani, wana mawe na magongo, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi nimesimama kwenye ngazi naangalia. Hakufa, Mungu alisaidia, mzee mmoja askari mstaafu alimkingia mlango mpaka polisi wakaja wakamchukua. Baadaye ikajulikana ni uji. Dada wa mtoto alikuwa anapika, akamwagia mdogo wake kwa bahati mbaya, akaogopa kusema.

Yule kijana hakurudi hata kuchukua baiskeli yake. Ilibaki imeegemea ukuta, matairi yakaoza, watoto wakang'oa kengele, na kila mtu mzima alikuwa anaipita bila kuiangalia.

Kwa hiyo ninaposema niliogopa, siyo woga wa maneno ya watu tu. Nilijua neno moja kutoka mdomoni kwangu linaweza kufanya nini kwa mtu, na mtu mwenyewe ndiye aliyemlisha mama yangu uji.

"Una ushahidi?"

Wiki ya pili nikaenda kwa mtu wa LC, baraza letu la kijiji. Kwa utaratibu wetu makamu mwenyekiti ndiye anayebeba mambo ya watoto kijijini, hata kama wengi hawajui, sisi tunamjua kwa kugonga mihuri ya barua tu. Sikutaja jina mara moja. Nikazunguka, nikasema kuna mtoto, kuna alama, kuna kupungua. Alinisikiliza kwa heshima, sitamsingizia. Halafu akauliza, "Una ushahidi?"

Nikasema nimeona kwa macho.

"Umeona akipigwa?"

Hapana.

"Mtoto amekwambia?"

Amesema alianguka.

"Basi alianguka, dada yangu." Akacheka kidogo, cheko la kunihurumia. "Hebu fikiria wewe mtu aje kwangu aseme mtoto wako ana kovu."

Nilirudi nyumbani na aibu, na nitasema ukweli, pia nilikuwa nimefarijika. Maana nilikuwa nimeambiwa na mkubwa kwamba siyo kazi yangu. Nikalala usingizi mzuri siku hiyo. Usingizi huo ndio unaonisumbua kuliko yote.

Baadaye nilimwomba mpwa wangu anayesoma sheria anisomee inasemaje. Ile Sheria ya Watoto, sehemu ya zamani, inasema mtu wa jamii *mwenye ushahidi* kwamba haki za mtoto zinavunjwa aende akaripoti kwa baraza la eneo lake. Nikasema ona, hata sheria inasema ushahidi. Akasema ngoja shangazi, soma hii ya 2016. Hiyo inazungumzia mtu ambaye kwa sababu za msingi *anaamini* mtoto amefanyiwa ukatili, anaweza kupeleka kwa afisa wa ustawi, kwa polisi, kwa LC. Na mwalimu, daktari, mtu wa ustawi, hata diwani, hao siyo "anaweza" tena, hao ni lazima.

Kuamini kwa sababu. Nilikaa na hilo. Mimi sina ushahidi, nina daftari, nina mistari miwili niliyoiona wakati wa kufunga zipu, nina mtoto aliyejibu swali ambalo hajaulizwa. Hizo ni sababu au siyo sababu?

Ile kamera

Nadhani kitu kimoja kilichotuharibu hapa Uganda ni ile video ya 2014. Hamjaisahau. Baba mmoja Kampala aliona mtoto wake ana alama, hajatimiza hata miaka miwili, akaficha kamera ndani ya nyumba, na tukaona wote yale tuliyoyaona, yaya anampiga, anamkanyaga, dunia nzima ikalia na Desemba hiyohiyo mahakama ikampa yaya miaka 4.

Simlaumu yule baba, alifanya alichopaswa kwa mtoto wake, ndani ya nyumba yake. Lakini tangu hapo tumeweka akilini kwamba ushahidi ni vile. Uone kila kitu, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila shaka hata chembe. Na nani ana kamera ndani ya nyumba ya jirani? Ukatili unakaa nyuma ya mlango, na anayeushuhudia ni mtoto mwenyewe, na mtoto mwenyewe anasema alianguka kwa bomba, kwa sababu usiku anarudi kulala kwa nani?

Watu wakisema "tuletee ushahidi" wanamaanisha mtoto aumie mpaka ionekane.

Sikufikia wazo hilo kirahisi. Nililifikia nikiwa napiga pasi, nikaunguza kola.

Swali nililoharibu

Sasa nije kwa kosa langu.

Wiki ya tatu nilimkuta binti njiani anatoka kuchota maji, dumu la lita kumi, anatembea hatua tano anatua, hatua tano anatua. Nikambebea. Nilikuwa nimepania, nimechoka kukaa na jambo, nikamwuliza moja kwa moja, "Shangazi anakupiga?"

Unajua konokono ukimgusa. Ndivyo alivyofanya. Macho yakashuka chini, akasema, "Hapana, Mama Fundi. Shangazi ananipenda." Akachukua dumu lake mkononi mwangu, hakutaka hata nilifikishe mlangoni.

Nilikuwa nimempa jibu ndani ya swali. Nimemwekea mtu anayemlisha upande mmoja na mimi, fundi wa nguo, upande mwingine, nikamwambia chagua, hapo barabarani, watu wanapita. Na mbaya zaidi nilianza kufikiri akienda kusema nyumbani, "Mama Fundi ameniuliza," je? Nikimfanya apigwe kwa ajili ya swali langu, je?

Usiku huo sikulala kabisa.

Siku mbili baadaye nikaenda kwa mwalimu wake, nikajifanya naulizia sare za michezo. Mwalimu mwenyewe, kijana, akaanza bila kuchokozwa kwamba huyu mtoto analala darasani, Jumatatu nyingi haji, akija hachezi. Nikamwuliza mbona hajasema popote. Akanitazama kwa muda. "Niseme nini? Sijui ni nini." Kumbe tulikuwa wawili. Labda tulikuwa kumi, kila mtu ameshika kipande chake, mwenye maji kwenye bomba amemwona akitua dumu, nesi amemwona, kanisani wamemwona, na kila mmoja anangoja kipande chake kikue kiwe ushahidi.

Sauti

116, ile namba ya simu ya kuripoti ukatili kwa watoto, naijua siku nyingi, imebandikwa ukutani shuleni kwa wanangu, ni bure hata simu ikiwa haina salio. Wameiita Sauti, neno letu la Kiswahili kabisa, na bado mimi Mswahili ilinichukua wiki tatu na siku mbili kutoa yangu.

Nilipigia ndani ya choo ili wanangu wasisikie. Aliyepokea alikuwa mwanamke, sauti ya taratibu. Nikaanza kwa kuomba radhi, nikasema sina ushahidi, huenda ninakosea, huyu mama ni mtu mzuri. Hakunibishia. Alisema tu, kwa maneno yake, nimwambie nilichokiona, siyo ninachokifikiria. Umeona nini? Lini? Sehemu gani ya mwili? Mtoto alisema nini, maneno yake hasa?

Na hapo nikagundua naweza kujibu. Nilikuwa nimejaa hukumu wiki tatu, kumbe hukumu hakuna aliyeiomba. Nikafungua daftari nikamsomea: tarehe, 23, tarehe, 21, mistari miwili bega la kushoto, "nilianguka kwa bomba" kabla ya kuulizwa. Nikamwambia na kosa langu la njiani. Akasema nisimwulize tena mtoto, wapo waliofundishwa kuuliza, mimi niendelee kuwa mtu ambaye mtoto akipita anamsalimia.

Aliniuliza kama nataka jina langu liandikwe. Nikasema hapana.

Nimejiuliza sana kuhusu hiyo hapana. Kumficha mtu aliyeshika mgongo wa mama yangu, nikimshitaki gizani. Lakini kama ningelazimika kutaja jina ningekata simu, najijua. Basi kama siri ndiyo bei ya mtoto kufikiwa, niliilipa, na bado nadaiwa kwa upande mwingine.

Siku za kungoja

Hakuna anayekuambia kuhusu hizi siku. Umeshasema, na hakuna kinachotokea mbele ya macho yako, na huna haki ya kuuliza. Ripoti inatoka pale inakwenda kwa mtu wa probesheni wa wilaya, yule afisa wa ustawi, na mtu wa probesheni ana mafaili mangapi mezani, na pikipiki ina mafuta au haina. Mimi nashona huku jicho liko kona. Kila boda ikisimama pale nainuka.

Na woga ukageuka. Mwanzo niliogopa kukosea. Sasa nikaanza kuogopa kupatia. Wakija wakauliza wakaondoka, usiku ule nyumbani anabaki nani na nani? Watamchukua wampeleke wapi? Ndugu waliotazama pembeni ndio hao hao. Makao ya watoto? Amempoteza baba, ampoteze na shangazi kwa sababu ya fundi? Sikuwa na jibu la hayo, na leo sina.

Walikuja siku ya tisa, mwanamke mmoja na faili la kahawia na mama mmoja wa LC, siyo yule makamu. Waliingia wakakaa sana. Wakatoka na shangazi na binti, wote kwa miguu, bila kelele, bila pingu, bila mtu yeyote uani. Niliwaangalia mpaka wakapotea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Walikuwa wanatembea kama watu wanaokwenda kliniki, na kumbe ndiko walikokuwa wanakwenda.

Alichoniambia mwenyewe

Kilichofuata nimekijua kwa mdomo wa Mama wa kona mwenyewe, Novemba, alikuja jioni nimefunga duka nusu, akakaa kwenye benchi la wateja.

Alisema, "Kuna mtu alinishitaki."

Nilikuwa nachomoa uzi kwenye bobini. Niliendelea kuchomoa.

Akasema waliwapeleka hospitali, mtoto akapimwa, daktari akajaza fomu ya polisi, akachukua damu. Damu ikatoka na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Miaka tisa mtoto ana sikoseli na hakuna anayejua, baba yake alikufa bila kujua, na hapa Busoga ugonjwa huu uko kwenye nyumba ngapi. Ndiyo sababu ya kupungua. Ndiyo sababu ya kulala darasani, na mifupa kuuma, na Jumatatu kushindwa kuamka, na dumu hatua tano.

Nilihisi jasho linatoka. Nikajiambia umemwangamiza mtu kwa ugonjwa, ni yale ya baiskeli.

Halafu akasema, akiwa ameangalia mikono yake, "Lakini nilimpiga. Nilimpiga, dada. Nilidhani ni uvivu. Nikimtuma maji anakaa chini, nikimwamsha halali wala haamki, nikasema huyu atanishinda, kaka yangu ataniuliza mbinguni nimemlea vipi, nikachukua waya wa pasi."

Mara ngapi, sikuuliza. Alisema mwenyewe: "Siyo mara moja."

Sijawahi kukutana na kitu kilichonichanganya namna ile. Wiki zote zile nilikuwa nimeweka vitu viwili kwenye mizani, au anaumwa au anapigwa, kimoja kikiwa kweli kingine ni uongo. Kumbe alikuwa anapigwa kwa sababu anaumwa. Namba za daftari zilinidanganya na mistari ya mgongo ilisema kweli, na bila zile namba nisingepiga simu, na bila simu damu isingepimwa. Nimejaribu kupanga hii kwa njia ambayo inanifanya niwe nimepatia au nimekosea, haipangiki.

Na nisiseme kwamba ugonjwa unafuta waya. Haufuti. Mtoto mvivu kabisa, mzima kama ng'ombe, hastahili waya wa pasi. Nilitaka kumwambia hivyo pale kwenye benchi, nikashindwa, nikamwambia wiki iliyofuata, na alinyamaza tu, hakukasirika. Waliandikiana makubaliano kwa ofisi, mtu wa probesheni anapita, mtoto ana kadi ya kliniki na vidonge vya kila siku. Kama inatosha sijui. Naangalia.

Kitu kingine alichosema jioni ile kabla hajaondoka: "Huyo aliyenishitaki, siku nyingine nataka kumshukuru, siku nyingine nataka kumlaani. Lakini angekuja kwangu kwanza."

Angekuja kwangu kwanza.

Hili neno ndilo limenikalisha kuandika. Nimeligeuza kila upande. Kama ningeenda kwake kwanza, kama rafiki, angelia akaniambia ukweli? Au angesema alianguka kwa bomba, na kuanzia hapo mtoto asingeletwa tena dukani kwangu, na mgongo ule usingeonekana na mtu? Nina marafiki wawili nimewauliza bila kutaja majina. Mmoja anasema rafiki wa kweli angeenda. Mwingine alifanya kazi na watoto miaka mingi, aliniambia kwa ukali, ukimwonya mtu mzima kwanza unampa muda wa kumfundisha mtoto la kusema. Namwamini huyu wa pili. Namwamini, na bado ile sauti ya benchi inaniuma.

Sijamwambia ni mimi.

Gauni la Krismasi

Juzi wamekuja. Shangazi ameleta kitambaa cha zambarau, anataka gauni la Krismasi, lenye mikono mifupi, akasema mwenyewe, mifupi. Binti amekuja na chupa ya maji mkononi, daktari alisema asiache kunywa. Nikatoa daftari, nikaandika tarehe chini ya ile ya Septemba.

Nikachukua futi, nikasimama nayo. Nikamwuliza yeye, siyo shangazi, "Nipime mgongo?"

Hakujibu haraka. Alimtazama shangazi, shangazi alikuwa anaangalia nje, akanitazama mimi, akatazama ile futi kama mtu anayefikiri kweli. Halafu akaweka chupa chini.

"Anza na mikono," akasema.

Nikaanza na mikono.